MZIGO UNA MLINZI, DEREVA HANA

Ndugu wanachama, madereva na matanboi wa Thika na Ruiru,

Karibu kila trela linalopanda kutoka Mombasa kuja kwetu lina mlinzi asiyelala. Ndani ya kichwa kimefungwa chombo kidogo kinachomwambia tajiri gari liko wapi, linakwenda mwendo gani, na limesimama dakika ngapi. Shehena ya kupita nchi nayo ina kufuli yake ya elektroniki. Tangu mwaka wa 2017 mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda zinaifuata shehena hiyo njia nzima, na kufuli ikiguswa mahali pasipo pake kengele hulia ofisini. Hayo hatuyapingi. Mali ya watu ni amana. Lakini twauliza neno moja: dereva anayeivuta mali hiyo akikaa macho muda wa saa 18, ni kengele gani inayolia, na ni nani anayeamshwa?

Hakuna. Na hilo ndilo neno letu la leo. Chombo cha kuhesabu saa za dereva kipo garini tayari, na sheria ya saa hizo ipo kitabuni tayari. Kinachokosekana ni nia ya kulipa saa hizo.

SHERIA YASEMA NINI

Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 66A kilichoongezwa mwaka wa 2012, yasema kwamba dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa jumla katika kila muda wa saa 24. Haisemi "saa 8 isipokuwa meli imechelewa". Haisemi "saa 8 isipokuwa kiwanda kimeishiwa malighafi". Yasema saa 8 basi. Tena sheria hiyo hiyo yataka lori kubwa lifungwe kidhibiti mwendo, lisipite kilomita 80 kwa saa.

Sasa chukueni kalamu, tupige hesabu pamoja. Toka Mombasa mpaka Nairobi ni karibu kilomita 480. Ongeza njia ya Eastern Bypass mpaka inapotokea Ruiru, kisha upande mpaka Thika, wapata kilomita 520 hivi. Gari likikimbia kilomita 80 kila saa bila kupumua, bila mizani, bila mlima na bila ng'ombe barabarani, safari ni saa sita na nusu. Lakini nani amepata kuona trela lililobeba likienda hivyo? Njia yaanza pwani kwenye usawa wa bahari, nayo yamalizika Thika juu zaidi ya mita 1,500. Mariakani kuna mizani. Athi River kuna mizani. Mlima ukianza, mwendo washuka mpaka mtu wa baiskeli akupungie mkono. Tuseme basi, kwa wastani, kilomita 45 kwa saa. Safari ya upande mmoja ni saa kumi na moja na nusu za kushika usukani.

Saa kumi na moja na nusu haziingii katika saa nane, hata uzisukume kwa bega. Kwa hiyo ofisi inapompigia dereva simu jioni akiwa Mombasa na kumwambia, "Kesho asubuhi uwe langoni Thika," amri hiyo yenyewe ni amri ya kuvunja sheria. Haivunjwi na dereva njiani. Imekwisha kuvunjwa mezani kabla injini haijawashwa.

BEI YA USINGIZI

Watu huuliza, "Kama ni hivyo, kwa nini dereva hakatai? Si mtu mzima?" Ndugu, tazameni namna anavyolipwa. Wengi wetu mshahara wa mwezi ni mdogo, na riziki yenyewe i katika fedha za safari. Gari likisonga, wala. Gari likisimama, hata kama umesimama kwa amri, huna kitu.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme safari moja ya kwenda Mombasa na kurudi Thika yalipwa shilingi 4,000. Kwenda na kurudi ni saa 23 za usukani. Mwenye kufuata sheria ya saa 8 atazimaliza kwa siku tatu, na siku mbili zaidi za kungoja kupakia bandarini na kupakua kiwandani. Hizo ni siku tano. Mwezi una siku 30, toa siku nne za mapumziko, zabaki 26. Mtu huyu mtiifu atafanya safari tano, apate shilingi 20,000. Mwenzake asiyelala, anayefanya safari kwa siku tatu, atafanya safari nane, apate shilingi 32,000.

Tofauti ni shilingi 12,000. Hiyo ndiyo bei ya usingizi wa dereva. Ndiyo karo ya mtoto, ndiyo kodi ya nyumba ya Makongeni. Mtu akiwekewa chakula cha watoto upande huu na sheria upande huu, kisha akachagua chakula, asiitwe mhalifu peke yake. Aitwe na yule aliyeiweka mizani hiyo.

Sheria inayomwambia dereva apumzike, na mshahara unaomwambia asipumzike, ni mabwana wawili. Bwana anayelipa ndiye anayesikilizwa. Kwa hiyo twasema wazi: malipo ya safari peke yake yameiua sheria ya saa 8, na haitafufuka mpaka malipo hayo yabadilishwe.

MZIGO WA MWENZIO

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekaa ofisini huliona trela kama alama ndogo katika kioo cha simu, ikitambaa juu ya ramani. Sisi twalijua lilivyo.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2013 yaruhusu gari na trela lake, likiwa na ekseli saba, lifike tani 56. Urefu wa lori na trela lake la kuvutwa waweza kufika mita 22. Sasa sikieni hesabu ambayo kila karani wa usafirishaji angepaswa kuiandika ukutani: gari likienda kilomita 80 kwa saa, katika sekunde moja lapita mita 22. Yaani kila sekunde gari lapita urefu wake wote. Dereva akisinzia sekunde tatu tu, kichwa kikaanguka kifuani na kuinuka, tani 56 zimekwenda mita 66 bila mtu. Katika mita 66 kuna watoto wangapi wanaovuka pale stejini Juja? Kuna pikipiki ngapi?

Tena trela halivutwi tu, nalo husukuma. Kwenye mteremko uzito wote wa nyuma wamsukuma aliye mbele. Ukishika breki mfululizo, zapata moto, na zikipata moto zaacha kushika. Ukikanyaga kwa ghafula barabara ikiwa na maji, trela lataka kumpita aliyelivuta, lajikunja pale linaposhikana na kichwa, nawe umekwisha. Dawa yake yajulikana na kila mzee wa kazi hii: punguza mwendo kabla ya mteremko, ingiza gia nzito mapema, acha injini ikuzuie, tazama vioo, pima upepo wa breki. Lakini hayo yote ni kazi ya akili iliyo macho. Mwenye usingizi hukumbuka gia nzito akiwa amekwisha kupita mahali pa kuiingiza.

Nchi hii imezika watu wengi kwa ajili ya magari makubwa. Tarehe 31 Desemba 2017 pale Migaa, katika njia ya Nakuru kwenda Eldoret, basi na lori viligongana, wakafa watu 36. Tarehe 30 Juni 2023 pale makutano ya Londiani, lori lililobeba kontena liliingia katikati ya abiria na wachuuzi, wakafa watu 52. Kila msiba wa namna hii ukitokea, swali la kwanza ni dereva alifanya nini. Ni swali la haki, naye alijibu. Lakini swali la pili halina budi kuulizwa siku ile ile, katika kila ajali: gari lilitoka wapi, saa ngapi, kwa amri ya nani, na dereva alilala lini kwa mara ya mwisho? Majibu ya mawili ya kwanza yamo katika kile chombo cha tajiri. Jibu la mwisho halimo, kwa sababu hakuna aliyetaka kulijua.

KUNGOJA NI KAZI

Ndugu wa viwandani mnaosoma karatasi hii, neno hili ni lenu pia. Thika ni mji wa viwanda: mafuta ya kupikia, nguo, kemikali, mananasi ya mikebe. Ruiru ina chuma, na sasa ina maghala mapya yanayoota mahali palipokuwa na kahawa. Barabara kuu ya kutoka Nairobi, iliyojengwa tangu 2009 hadi 2012, yapita kwetu kama kilomita 50 za lami pana, kisha yaendelea kaskazini mpaka Isiolo na Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia. Watu huisifu barabara hiyo, nasi twaisifu. Lakini waliohesabu njia za magari walisahau kuhesabu mahali pa dereva kulala.

Matokeo mwayaona wenyewe. Trela lafika alfajiri, lango halifunguliwi. Laegeshwa kando ya njia. Dereva hawezi kwenda kulala kwa kuwa mafuta yatanyonywa na tairi la akiba litakwenda. Hana choo, hana maji, hana kivuli. Tanboi alala chini ya trela juu ya boksi. Saa sita mchana waitwa ndani, jioni wapakuliwa, na usiku simu yalia: "Bado uko Thika unafanya nini?" Siku nzima hiyo katika vitabu vya tajiri ni siku ya mapumziko!

Twakataa. Mtu aliyefungwa na mali ya mwingine, asiyeweza kuondoka, asiyeweza kulala, yuko kazini. Kungoja langoni ni kazi. Kungoja mizani ya Juja ni kazi. Kungoja mpakani Malaba ni kazi. Mwaka wa 2020, wakati wa Korona, madereva walipanga foleni ya kilomita nyingi pale Malaba wakingoja kupimwa, huku wakiogopwa na kutukanwa kama kwamba wao ndio ugonjwa. Nchi ilikula na kujifunika kwa vitu walivyovileta. Siku zile waliitwa wafanyakazi wa lazima. Twataka tulipwe kama watu wa lazima.

Haya si maneno ya Thika peke yake. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka wa 1979, wasema dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, na apate saa 10 za mapumziko kwa siku. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, dereva wa lori akimaliza saa nne na nusu za usukani hana budi kupumzika dakika 45, na chombo cha garini huandika yote. Mwezi wa Septemba 2019 wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi walikaa Geneva wakakubaliana mwongozo juu ya kazi yenye heshima na usalama barabarani. Waajiri nao walikuwa mezani. Asituambie mtu kwamba ni ndoto za chama.

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Wengine husema madereva wenyewe hupenda malipo ya safari. Hata mwenye njaa hupenda ukoko asipopewa wali. Mpeni mshahara wa mwezi unaotosha, kisha muulizeni anapenda nini.

Wengine husema bei ya usafirishaji ni ndogo, na mashindano ni makali, hasa tangu gari la moshi jipya lilipoanza kubeba makontena. Ni kweli mashindano yapo. Lakini bei ya mafuta ikipanda, tajiri humwendea mwenye mzigo akamwambia bei imepanda. Tairi likipanda, hali kadhalika. Mbona usingizi wa dereva ndio kitu pekee kisichoandikwa katika hesabu ya gharama? Matajiri wote wakilazimishwa kufuata saa zile zile, hakuna atakayemshinda mwenzake kwa kuwachosha watu. Atamshinda kwa kuendesha biashara vizuri.

Wengine husema madereva ni wezi wa mafuta na wabeba abiria. Mwizi yupo katika kila kazi, na chama hakimtetei mwizi. Lakini hatukubali wizi wa mmoja uwe sababu ya kukata mshahara wa kumi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 19, yaruhusu makato ya kiasi kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi, wala jumla ya makato isipite theluthi mbili za mshahara. Tairi lililopasuka kwa uchakavu si kosa la makusudi. Kioo kilichopigwa jiwe usiku si kosa la makusudi. Anayekatwa kwa ajili hiyo alete karatasi yake tawini.

Na matanboi je? Wengi huitwa vibarua miaka na miaka. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, basi masharti ya kazi yake ni ya mtu wa mshahara wa mwezi. Na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Tanboi aliyebanwa mguu wakati wa kufunga trela si bahati mbaya ya kuchangiwa harambee. Ana haki yake ya sheria.

TUNATAKA NINI

Kwanza, mshahara wa mwezi unaotosha kuishi. Fedha za safari ziwe za chakula na malazi, zisiwe ndio mshahara.

Pili, saa zote zilipwe: za kuendesha, za kungoja langoni, mizani na mpakani.

Tatu, safari yoyote isiyoingia katika saa 8 ipangiwe siku mbili, au dereva wa pili mwenye leseni ya kuvuta trela. Tanboi asifanywe dereva wa usiku.

Nne, habari za chombo cha garini zitolewe kwa dereva na kwa mwakilishi wa chama kila mwezi, na zitumike kuhesabu saa za mtu kama zinavyotumika kuhesabu lita za mafuta.

Tano, Serikali ya Kaunti ya Kiambu na wenye barabara watenge viwanja vya magari makubwa Ruiru na Thika, vyenye mlinzi, choo, maji na mahali pa kulala.

Sita, ajali ikitokea, mwajiri aulizwe kwa maandishi ratiba ya siku tatu zilizotangulia.

NA SISI WENYEWE

Ndugu, tusiwe watu wa kudai tu. Miraa si kitanda. Mtu akitafuna majani ili avuke usiku, amekopa usingizi kwa riba, na riba yake italipwa na abiria wa matatu asiyemjua. Usimwachie tanboi usukani ili wewe ulale. Usitie saini karatasi tupu. Usikubali kutoka na breki mbovu kwa ahadi kwamba utatengenezewa ukirudi.

Tena tununue daftari, kila dereva la kwake, la shilingi chache. Andika saa uliyowasha injini, saa uliyozima, saa uliyofika langoni na saa lilipofunguliwa. Andika jina la aliyekupa amri. Mtu mmoja mwenye daftari ni mlalamishi. Watu mia wenye daftari ni ushahidi, na mbele ya afisa wa kazi au mahakama ushahidi huo hauzimwi kwa kelele.

Kazi hii haikuanza na sisi. Fred Kubai aliwaongoza wafanyakazi wa usafirishaji Nairobi katika miaka ya 1940, na yeye na Makhan Singh walipokamatwa mwezi wa Mei 1950, wafanyakazi wa mji ule waliweka zana chini. Wakati ule chama kilikuwa kikiwindwa. Leo kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kuingia chama, ya kujadiliana na ya kugoma. Wazee walipigania mlango. Sisi mlango u wazi, na bado twasimama nje kwa sababu ofisi imepiga simu!

Basi kila mwanachama alete daftari lake tawini mwisho wa mwezi. Wawakilishi wa Thika wakusanye ya Thika, wa Ruiru ya Ruiru. Tutayajumlisha, tutayapeleka kwa waajiri tukiomba mazungumzo. Wakikataa, tutayapeleka kwa afisa wa kazi. Wakikataa tena, tutaitana mkutanoni, na hapo wanachama ndio watakaosema.

Umoja ni nguvu.

Sisi, Kamati ya Madereva na Matanboi, Thika na Ruiru.